Unga wa Sakafuni

Somoe mwanangu,

Mama yako alikufa kwa moshi wa unga niliouleta mimi nyumbani. Alifia uani, juu ya mkeka wa jirani, watu bado wanatafuta gari. Unalijua hilo. Naliandika mwanzo kwa sababu tangu tumzike hatujawahi kulizungumza likaisha. Kila mara mmoja wetu anaondoka. Leo mi nimekaa na wewe haupo, kwa hiyo hakuna wa kuondoka.

Umeenda Buguruni kumuaga mama yako mdogo. Sanduku lako liko mlangoni, nimelifunga kamba. Leo sikwenda kazini, nilisema naumwa mgongo. Karatasi nimechana kwenye daftari lako la fomu siksi. Mwandiko wangu unaujua, ni ule wa kisomo cha watu wazima, herufi zinalala kila upande. Vumilia.

Sitakuambia ule nini, ulale saa ngapi, usitembee na nani. Hayo mama yako mdogo anakuambia sa hivi, na anajua kuongea kuliko mimi. Mi nina jambo moja tu.

Jumapili nilikuambia ukienda kuchukua kemia tupu, radhi yangu huna. Ulikuwa unakunja nguo. Ukaacha kukunja. Tangu siku hiyo unaniamkia, "Shikamoo baba," nakuitikia, "Marahaba," basi, yameisha mpaka asubuhi nyingine. Sasa unaondoka. Ukifika huko chuoni, wiki ya kwanza wanakuuliza unasoma kipi, unaandikisha, na ukishaandikisha si rahisi kubadili. Kwa hiyo lile neno haliwezi kubaki hewani. Ama nalishikilia, ama nalitoa. Nimekaa hapa tangu alasiri nalifikiria hilo.

Kumbuka siku tuliyoenda kwa Mwalimu Komba, yule mpangaji wa chumba cha mbele. Wewe ulishika majibu yako ya mtihani, mi nikaja nyuma nimevua kofia kama nimeitwa polisi. Mwalimu akaweka chini chaki yake ya tuisheni, akasema mtu wa PCB, fizikia, kemia na baiolojia, kama wewe ana njia mbili. Ya kwanza, kemia na baiolojia pamoja na ualimu. Ukimaliza unapangiwa shule, unaenda, unafundisha. Ya pili, kemia yenyewe. Hiyo inataka hesabu. Wewe umesoma ile hesabu ndogo, BAM, hujasoma ile kubwa ya wenzako wa PCM, kwa hiyo mwaka wa kwanza utaongezewa masomo ya hesabu, na fizikia haikuachi. Halafu maabara, kuanzia mchana mpaka jua linazama. Likizo ndefu wenzako wanarudi kwao, wewe unapelekwa kiwandani kujifunza kazi. Mwaka wa mwisho unapewa swali lako mwenyewe, unalichunguza, unaliandika, unasimama mbele ya walimu unajibu.

Nilisikiliza yote. Nikauliza, "Na akifeli?"

"Anarudia mtihani. Wanaita sapu."

"Akifeli tena?"

"Anadisko."

"Anafanya nini?"

"Anarudishwa nyumbani, mzee wangu."

Nikasema basi, ualimu. Palepale, kama nanunua nyanya. Mwalimu akasema, "Baba Somoe, mwache mtoto aongee." Ukaongea. Ukasema unataka kemia yenyewe. Akakuuliza kwa nini. Ukasema, "Nataka niujue kila unga unaoingia Kariakoo."

Mwalimu alicheka kidogo, alidhani ni maneno ya vijana. Mi sikucheka. Nilijua unasema unga gani.

Tulipotoka nikakumwagia sababu. Nikasema viwanda vya nguo vinafungwa, mitumba imejaa mpaka barabarani, nani atamwajiri mkemia? Nikasema serikali haichukui watu siku hizi, mwalimu ndo bado anachukuliwa. Nikasema hata chuo chenyewe sasa wanataka mzazi achangie, na mi mzazi mwenyewe unaniona. Sababu zote zilikuwa za kweli. Bado sikukuambia ile yangu. Yangu ni kwamba nauogopa ule unga.

Nikueleze stoo ilivyo, maana hujawahi kuingia. Unaijua mlangoni tu, uliponiletea chakula.

Nilipokuja toka Masasi nilipata kazi kwenye godauni la shirika. Tulikuwa na buti na kadi ya kazi. Kitu hakikuwemo ndani. Godauni kubwa, ukikohoa linakujibu. Siku sabuni ikija, watu wanapanga foleni tangu giza, na sisi tunabeba kama tumebeba mayai. Halafu ikaja ruksa, kila mwenye pesa akaruhusiwa kuleta bidhaa. Maduka yakajaa. Godauni likafungwa, tukaambiwa tumepunguzwa. Nikaja kuwa kuli kwa Jetha, tajiri wangu huyu wa Mchafukoge, kwenye stoo ya nyuma ya duka lake. Hapo nikaanza kubeba vitu nisivyovijua. Magunia yana maandishi ya nchi sizijui. Mapipa mengine yana picha ya fuvu, mengine hayana kitu. Hakuna anayetuambia ndani mna nini. Tajiri mwenyewe anajua jina na bei, basi. Si mtu mbaya. Hajui, kama sisi tusivyojua, ila yeye anakaa dukani na sisi tunakaa na mapipa.

Na sisi makuli tuna desturi yetu. Kilichomwagika sakafuni ni chetu. Gunia likipasuka, tukimaliza kushusha tunafagia, tunapepeta, tunagawana. Umekua kwa vitu hivyo. Ule wali ulikuwa wa sakafuni. Ile sukari yenye mchanga, uliyokuwa unalalamika chai inasaga meno, ilikuwa ya sakafuni. Hata saruji iliyoziba ufa wa chumba chetu. Tajiri anaona, anageuza uso. Hajawahi kusema ni ruhusa na hajawahi kukataza. Gunia likipasuka halafu ukarudi kwako mikono mitupu, wenzako wanakucheka, wanakuuliza leo mkeo si atakupiga?

Mama yako alipoanza batiki, nilifurahi kwa sababu alikuwa anaimba akichovya. Wewe ulikuwa mdogo, vidole vyako vilikuwa vya bluu mpaka shule. Unaukumbuka ule unga mweupe, haidro, unaotiwa kwenye rangi pamoja na kostiki ili rangi ikamate kitambaa. Alikuwa anaununua kidogokidogo, umefungwa kwenye kikaratasi kama tumbaku. Ukiisha, kazi inasimama, anakaa mlangoni.

Masika ile wewe ukiwa bweni, tulishusha mapipa. Bati la stoo lilikuwa linavuja, sakafu imelowa. Pipa likateleza, kifuniko kikatoka, unga mweupe ukamwagika. Mpili, yule rafiki yangu mwenye kovu la shavuni, akaunusa akasema, "Huu hauliwi, mi siutaki." Wenzetu nao wakaukataa. Mi nikaujua. Niliufagia wote, pamoja na unyevu wake, nikautia kwenye mfuko wa saruji, nikaubeba begani toka Mchafukoge mpaka nyumbani. Nilipita Msimbazi natembea kama mtu aliyeitwa harusini.

Sijawahi kuleta kitu kikapokelewa vile. Mama yako alifungua mfuko, akachungulia, akaufunga, akaufungua tena. Akasema, "Baba Somoe, leo umenioa upya." Nikausukuma chini ya kitanda, mahali nilipoona pakavu. Tukalala.

Alfajiri niliondoka. Yaliyofuata nimeyasikia kwa majirani. Unga ulianza kufuka wenyewe, bila moto. Harufu ya viberiti ikajaa chumba. Mama yako akatoka nje anakohoa, na pumu yake ile. Alikuwa ameshatoka, Somoe. Alikuwa uani, amesimama. Lakini ndani kulikuwa na vitambaa vya watu, oda ya harusi, amevitundika chumbani kwa sababu ya mvua. Majirani wakaja na ndoo. Moshi ukionekana kwetu, kila mlango unatoa ndoo, nani asiyejua, na siku hizo maji tulikuwa tunanunua. Hakuna aliyechelewa. Mama Rehema wa chumba cha pili alikuwa wa kwanza. Mama yako akaipokea ndoo yake akaingia nayo, akamwaga. Akapokea nyingine, akamwaga. Moshi ukazidi, mweupe, mzito. Akaanguka kati ya kitanda na vitambaa. Mama Rehema huyohuyo ndo aliyemvuta miguu mpaka nje, na yeye akakohoa siku nyingi.

Mi nilifika mfuko bado unafuka. Nikauliza yuko wapi, wakanionyesha mkeka. Unajua nilifanya nini? Nilichukua ndoo. Nikaenda kuumwagia mfuko maji. Mke wangu amelala pale, mi namwagia maji unga, watu wananivuta shati.

Tajiri alikuja mazikoni, akasimama nje ya uzio na viatu vyake vya dukani. Aliniuliza jambo moja tu, "Nani alikuambia uchukue?" Nikasema hakuna. Kweli hakuna. Baada ya siku za msiba nilirudi stoo. Watu walinisema, unarudi kulekule? Kulekule ndo kwenye kazi.

Halafu likaja la fomu tri. Hili ndo gumu kuliko yote kuandika, kwa sababu yale mengine yalinipata na hili nililifanya.

Ulirudi likizo. Ukanisalimia, ukaweka begi, hata maji hujanywa. Mama Rehema alikuwa pale uani anachambua mchicha. Ukasema, "Baba, nimemuuliza mwalimu wa kemia. Ule unga haumwagiwi maji. Ukipata maji kidogo unachemka wenyewe, unatoa hewa mbaya. Unafunikwa na mchanga mkavu, unatolewa nje."

Mama Rehema akaacha mchicha.

Nikakupiga kibao. Nikasema, "Nimekupeleka shule usome au uje kuhukumu watu?"

Hukulia. Ukasema, "Sijahukumu, baba. Nimesema tu."

Mama Rehema akainuka na sinia lake akaingia ndani. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa ananisalimia anaangalia chini. Nikajiambia kibao kile nilikupiga kwa ajili yake, kumlinda mwanamke aliyetoa ndoo kwa moyo mzuri. Nilikaa na uongo huo vizuri tu. Wewe ulisema maji. Mi nilisikia unga, na unga ulikuwa wangu.

Toka hapo hukuniambia tena mambo ya shule. Hata ulipochagua PCB niliambiwa na mama yako mdogo. Na mi sikukuambia kwamba masufuria ya rangi ya mama yako niliyauza ulipokuwa shule. Ulirudi ukayatafuta, ukaona pale ukutani mahali yalipokuwa yananing'inia. Ulikuwa unayataka. Nililijua hilo nikayauza hivyohivyo.

Sasa ya wiki hii.

Habari za chuo nilizipeleka kazini nimenyoosha shingo, pamoja na kwamba nyumbani nilikuwa nimenuna. Mpili akauliza unaenda kusomea nini. Nikasema kemia.

"Kemia ndo mdudu gani?"

"Kuchanganya madawa. Kupika vitu, kuona kinatoka nini."

"Kumbe kupika gongo!" akasema. "Mzee umeula! Akimaliza anatuletea mtambo hapa, tunaacha mapipa."

Stoo nzima ikacheka. "Mwambie asitusahau wajomba zake," wakasema. "Sisi ndo tutakuwa tunaonja kama imeiva." Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijacheka mle ndani siku nyingi.

Juzi, siku chache baada ya kukunyima radhi, tulishusha mapipa. Mvua ilikuwa imenyesha na lile bati halijazibwa mpaka leo. Pipa moja likagonga ukingo wa gari, likapasuka pembeni. Unga mweupe. Niliujua kabla haujanifikia puani.

Mpili naye siku hizi anaujua. Mke wake mdogo anatia batiki, nusu ya wanawake wa mtaa wetu wanatia batiki. Akakimbilia ufagio na mfuko.

Nikasema, "Mpili, acha huo."

"Niache nini? Wa sakafuni huu."

"Nimesema acha."

"Aa, Baba Somoe! Unautaka peke yako? Tugawane basi. Usiwe na roho ya korosho, kaka."

"Huu unaua."

Alicheka, halafu akakumbuka. Yeye ndo aliyebeba jeneza mbele, upande wa kulia. Akashusha ufagio taratibu. "Ndo ule?"

"Ndo ule."

"Lakini unaua vipi? Mi siku zote najua ilikuwa moto."

Nikafungua mdomo. Nilidhani hamna kitu mle ndani. Nikasikia nasema, "Haumwagiwi maji. Ukipata maji kidogo unachemka wenyewe, unatoa hewa mbaya. Unafunikwa na mchanga mkavu, unatolewa nje."

"Nani kakwambia?"

"Somoe."

Maneno yako yaleyale niliyokupigia kibao. Hayakupungua hata moja. Nilikuwa nimeyaweka miaka yote hii kama mtu aliyeficha kitu cha wizi.

Tajiri akapiga kelele toka dukani, "Mwageni maji hapo mfagie, gari la pili liko nje!" Na ndoo ilikuwa mlangoni, imejaa. Mpili akaniangalia. Jengo la jirani wanapandisha ghorofa, kama kila mahali Mchafukoge sasa, na mchanga wao uko chini ya turubai. Tukachota, tukafunika, tukazoa kwa koleo kavu, tukautoa mpaka uwazi wa nyuma ambako hakuna mtu. Tajiri akaingia akakuta mchanga stoo kwake. Akafoka, "Nimesema mtoe uchafu, nyie mnaingiza!" Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema tufagie na huo mchanga, akarudi dukani.

Hakuna aliyetushukuru. Mpili alirudi kwake mikono mitupu na mkewe akamnunia. Sisemi umeokoa mtu. Pengine tungeumwagia maji mengi ungeenda mtaroni ukaisha, sijui. Mi sijui, ndo shida yangu yote hiyo. Nasema tu kwamba mtu aliniuliza unaua vipi, na nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa lako.

Kwa hiyo nisikilize sasa, halafu nikuache.

Kama unaiendea hiyo kemia kumtafuta mama yako, hutamkuta. Hata uujue kila unga wa Kariakoo, na wa Posta, na unaoteremka bandarini, yeye yuko kule tulikomweka. Nakuambia kwa sababu najua siku itafika hesabu zimekushinda, una sapu, mwili umechoka, na utajisukuma kwa jina lake. Usimbebeshe. Mi nimembebesha sana. Nilipokataza rangi uani nilisema ni kwa ajili yake. Nilipouza masufuria nilisema ni kwa ajili yake. Kibao, kwa ajili yake. Jumapili, kwa ajili yake. Marehemu hakusema hata neno. Ilikuwa hofu yangu inaongea, imevaa khanga zake.

Ukitaka kemia yenyewe, iwe unaitaka wewe. Hesabu za ziada uzisome kama kazi, ukiona huelewi uulize, hata kama swali lako linamfanya mtu aache mchicha. Na ukiona ualimu ndo wako, chukua ualimu, ukawaambie watoto wa watu yale niliyokukataza kuyasema. Ila usiuchukue kwa sababu una baba muoga.

Siwezi kukuahidi kwamba itakuwa vizuri. Viwanda kweli vinafungwa. Unaweza kumaliza ukarudi hapa na cheti chako ukakaa kwenye kigoda hiki nilichokalia. Unaweza kudisko. Ukirudi kwa lolote, mlango ni uleule.

Neno la Jumapili nimelitoa. Radhi yangu unayo. Unayo kwenye ualimu, unayo kwenye kemia tupu, unayo ukifaulu, unayo ukirudishwa. Mungu shahidi, na naliandika kwa mkono wangu ili usidhani nililisema kwa sababu ya haraka za stendi.

Hofu haijaisha. Usije ukadhani imeisha. Nikisikia mtu ananiita jina langu kwa haraka, nitadhani ni habari za maabara. Hiyo ni yangu, nitakaa nayo. Isikufanye urudi nyuma.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya khanga, kuna koti jeupe. Nimelichambua kwenye mitumba, Mwalimu Komba alisema utalihitaji njia yoyote utakayochukua. Lilikuwa limeshonwa jina la mzungu kifuani. Nilimpelekea Mama Rehema alifumue. Akafumua uzi mmoja mmoja kwa wembe mpaka akamaliza. Halafu akasema, "Alisema kweli yule mtoto. Ndoo ya kwanza ilikuwa yangu."

Nikamwambia, "Ndoo haikuwa na kosa."

"Najua. Lakini bado ninayo, Baba Somoe. Nachotea maji kila siku. Ningefanyaje, ninunue nyingine?"

Akalikunja koti, akanipa. Nilipoinuka akasema, "Mwambie alifunge vifungo vyote." Basi nimekuambia. Alama ya jina imebaki kidogo, ukilifua itaisha.

Nasikia sauti yako kwenye kona, unaongea na mtu. Naikunja hii, nalegeza kamba ya sanduku, naichomeka mfukoni mwa koti. Utaikuta huko.

Kesho nitakubebea sanduku mpaka stendi. Kutakuwa na watu, sitasema haya. Utaniambia shikamoo, nitaitika marahaba, kama siku zote hizi. Wewe hutajua. Ukishasoma utaijua marahaba ile ilikuwa na nini ndani yake. Basi likitoka nitageuka, nitapita njia ya Msimbazi. Tajiri amesema mapipa mengine yanashushwa mchana, na Mpili ameniomba nisichelewe, hataki kuwa peke yake yakija.

Kesho narudi kazini.